Maneno ya Kukaa

Shosho alimwita mjukuu wake mara ya kwanza, Kui hakuitika. Akaita tena, sauti imepanda kidogo, na mtoto bado alikuwa amekaa pale chini kwenye mkeka, miguu ameikunja, midomo inacheza. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya paja. Halafu kidole kimoja kikanyooka kuelekea kitandani alikolala Shosho, kikabaki hapo.

"Kui! Unanionyesha kidole?"

Kui alimaliza alichokuwa anasema, akageuza uso kulia, akaugeuza kushoto, ndipo akaruka akaenda kitandani.

"Nilikuwa naswali, Shosho. Ukiswali huongei na mtu."

"Na hiyo ulikuwa unasema si ni kuongea?"

"Ni ya kuswali."

"Inasema nini?"

Mtoto akafikiria kwa bidii, kama ameulizwa hesabu mbele ya darasa. "Sijui. Ni ile ya kusema ukikaa."

"Na kidole?"

"Ukifika hapo katikati unakitoa. Mama ndio alinifundisha."

Shosho akavuta blanketi mpaka kidevuni ingawa jua la jioni lilikuwa bado dirishani. Huyu mtoto alikuwa jina lake, maana kwao mjukuu hupewa jina la bibi. Wangui mkubwa na Wangui mdogo, ndiyo maana wote wawili waliitwa Kui, hata kama kule madrasa mdogo aliitwa Rukia. Jina lako ndilo linalobaki ukienda. Sasa jina lake lilikuwa limekaa chini, limemnyooshea kidole, na linasema maneno ambayo halitaki kuyaeleza.

Shosho alikuwa ametolewa kijijini kwake Bahati kwa sababu ya mguu wa kushoto. Sukari ilikuwa imemfanyia kidonda nyuma ya kisigino, na nesi wa kliniki alisema kisafishwe kila baada ya siku moja, bila kuruka, kisije kikafika kwa mfupa. Kutoka shambani hiyo haiwezekani. Kwa hivyo binti yake Wanjugu akamleta mjini, mtaa wa Section 58, kwenye nyumba anayokaa na mume wake Shabani na huyo mtoto mmoja. Ukuta mmoja wa sebule ulikuwa na mashine ya kufuma sweta za shule, ukuta mwingine una mlango na kochi, na wa tatu una dirisha. Kitanda cha mgonjwa kikawekwa ukuta uliobaki, ule wa upande wa mlima Menengai.

Hakuna aliyekumbuka kwamba huo ndio ukuta wanaoelekea wakiswali. Walikuwa wamezoea kuuona mtupu.

*

Asubuhi iliyofuata Wanjugu alikuwa kwenye mashine, anavuta kigari huku na huku, uzi wa buluu unashuka. Shosho alimtazama muda mrefu kabla ya kuongea.

"Wanjugu. Mtoto anasemanga nini akikaa chini?"

"Akikaa wapi, mama?"

"Kwa hiyo mkeka. Akininyoshea kidole."

Kigari kikasimama. Wanjugu aliyajua hayo maneno vizuri sana. Dada yake Shabani alimfundisha kipande kwa kipande kabla ya ndoa, na yeye akayashika kwa masikio kama wimbo, akayasema kila siku tangu hapo bila kukosea, akamfundisha na mtoto naye hakosei. Watu walimsifu. Lakini hakuwahi kuuliza yanasema nini. Mwanzoni aliona haya kuuliza. Baadaye miaka ikapita, na ikawa haya kubwa zaidi.

Angesema tu, mama, sijui. Ni neno dogo. Lakini ni vigumu kumwambia mama yako, ambaye alilia siku ulipobadilisha dini, kwamba ile dini uliyoiendea huielewi. Akatafuta neno la kumfurahisha mgonjwa.

"Anakuombea, mama. Ni dua ya kuombea wagonjwa."

"Anataja jina langu?"

"Eeh. Anakutaja."

"Mbona sikulisikia?"

"Ni Kiarabu, mama. Huwezi kulisikia."

Shosho akaitikia kwa kichwa polepole. Wanjugu akarudi kwenye sweta akiona amemaliza vizuri.

Jioni Shabani akaingia, mikono bado ina weusi wa betri za magari anazotengeneza. Alikuwa mtu mpole, na mama mkwe alimheshimu kwa sababu hakuwahi kumsikia akipaza sauti. Walipokuwa wanakula, Shosho akamuuliza naye, kwa adabu, kama anauliza habari za kazi.

"Baba Kui, hayo maneno mnasemanga mkikaa, ni ya nini?"

"Hayo?" Shabani akameza. Alifundishwa akiwa mtoto, kwa kiboko, na kiboko hakikuwa na tafsiri. Alikumbuka mwanzo tu. "Hayo ni kumwamkia Mungu, mama. Maamkizi."

"Maamkizi tu?"

"Maamkizi tu."

"Hakuna mtu anatajwa?"

"Mtu? Hapana. Mtu gani atajwe?"

Wanjugu alimkanyaga mguu chini ya meza, lakini amechelewa. Shosho aliweka kijiko chini. Mtoto alisema hajui. Binti akasema ni dua ya jina lake. Mkwe akasema hakuna jina. Nyumba ni moja, maneno ni yale yale, na majibu ni matatu. Mtu mzima akisikia hivyo anajua kuna kitu kinafichwa.

"Kula, mama," Wanjugu akasema.

"Nimeshiba."

*

Alishiba siku hiyo na kesho yake pia. Chai alikunywa ile aliyoiona ikimiminwa kutoka birika moja na ya wengine. Mkeka ukitandikwa aligeukia ukutani, akajifunika kichwa. Siku ya kwenda kliniki akakataa kuvaa viatu.

"Mguu hauumi leo," akasema.

"Nesi alisema tusiruke, mama."

"Nesi haogopi kitu. Analala kwake."

"Na wewe unaogopa nini?"

Shosho akamwangalia binti yake machoni. "Wewe niambie. Mtu akilaaniwa na jina lake mwenyewe, atajificha wapi?"

Wanjugu alicheka, kwa mshtuko tu, lakini kicheko ni kicheko. Mama yake alikisikia. Wanjugu alipotoka kuanika nguo, Shosho akatoa simu yake ndogo chini ya mto, akampigia mwanawe Nicodemus kule Bahati.

Nicodemus alifika adhuhuri na pikapu ya jirani, amevaa koti lake la Jumapili na viatu vya shamba. Hakuwa mtu mbaya. Ni yeye aliyekuwa akimuosha mama miguu wakati binti yuko mbali, na hilo hakuwahi kulitangaza. Lakini alipofika mlangoni akasimama, hakuingia, na majirani wa ploti walikuwa wanafua pale nje.

"Nimekuja kuchukua mama," akasema.

"Karibu kwanza, Nico. Keti unywe chai."

"Chai nitakunywa mkinijibu. Huyo mtoto anamfanyia mama nini?"

"Ni sala tu! Ni kusali tu, kama nyinyi mnavyosali."

"Sawa. Mimi nikisali nasema Baba yetu uliye mbinguni, na nikiulizwa naweza kueleza. Sasa wewe eleza."

Mwanamke aliyekuwa anafua akaacha kusugua. Shabani alikuwa kazini. Wanjugu akafungua mdomo, na kilichokuja ni Kiarabu, neno kwa neno, tamu na sawasawa, mpaka mwisho.

"Nimesikia," Nicodemus akasema. "Sasa sema na lugha ya sisi watu wa Bahati."

Wanjugu akarudi mwanzo, kwa Kiarabu kile kile.

"Unasema kitu kutoka asubuhi mpaka usiku, na hujui ni nini?" Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyeona ajali. "Mtu akikupatia chupa haina jina, unampa mtoto anywe?"

"Nico, mguu. Mguu wa mama lazima usafishwe."

"Hata Bahati kuna maji moto. Mama, twende."

Shosho alitoka akiegemea bega la mwanawe. Kui alikuwa ametoka shule kula, bado ana sweta ya shule, na akakimbia kumshika mkono.

"Shosho, unaenda? Utarudi lini?"

Shosho akauondoa mkono wake kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Hakukusudia. Lakini mtoto aliuangalia mkono wake mwenyewe, kiganja na nyuma, kuona una nini.

*

Alasiri hiyo hiyo Wanjugu alikwenda madrasa. Mwalimu wa wasichana aliitwa Hawa. Huko kwao Kuresoi ni Jebet, na aliingia dini akiwa mkubwa kama Wanjugu. Alikuwa ameketi na watoto kwenye mkeka.

"Mama Kui, karibu. Rukia ana shida?"

"Si Rukia. Ni mimi." Wanjugu aliinama akamnong'oneza kuhusu yale maneno ya kukaa. Lakini wasichana wana masikio, na mmoja akamwambia mwenzake, "Mathe hajui tahiyatu!" Wakacheka. Wanjugu akakaa chini katikati yao, goti kwa goti na watoto wa darasa la tatu, mtandio umeteleza kwa jasho.

"Kusema najua," akasema. "Maana ndiyo sijui."

Mwalimu Hawa hakucheka. "Ukiingia kwa mtu mkubwa unaanza na nini? Si maamkizi? Basi ndivyo inaanza. Maamkizi yote, na sala zote, na mazuri yote, ni ya Mungu. Halafu unamsalimu Mtume. Halafu unasema hivi: amani iwe juu yetu, na juu ya waja wa Mungu walio wema. Halafu unashuhudia. Hapo ndipo kidole kinainuka. Hakionyeshi mtu, Mama Kui. Kinahesabu moja, kinaishia hapo. Mungu ni mmoja. Mwisho unamwombea Mtume na watu wake baraka, kama alivyobarikiwa Ibrahimu na watu wake."

"Ibrahimu yule wa Sara?"

"Yule yule."

"Hakuna mahali pa kulaani mtu?"

"Hata nusu neno."

Wanjugu akafuta uso na ncha ya mtandio. Lilibaki swali moja, na hilo ndilo lililokuwa limembana. "Mama yangu ni mtu wa kanisa. Tukisema *sisi*, na tukisema *wema*, yeye yuko ndani?"

Mwalimu akawaashiria wasichana waendelee kusoma.

"Mama yangu pia ni wa kanisa," akasema. "Hilo swali nimelala nalo siku nyingi. Wema, Mungu ndiye anayewajua. Mimi sikupewa kazi ya kuwatoa."

*

Anayesoma hapa atasema, basi si Wanjugu aende Bahati akaeleze, yaishe. Alienda. Alienda kesho yake asubuhi, akayarudia njiani yote asije akasahau. Alikuta wanawake wa maombi wameketi kuzunguka kitanda, wakampisha bila kumsalimu. Nyumba ilikuwa na harufu, tamu kidogo, ya kitu kinachooza. Aliitambua.

Akapiga magoti. Akaeleza maamkizi, akaeleza amani, akaeleza kidole, akaeleza hata Ibrahimu. Aliyaeleza vizuri kuliko alivyowahi kueleza kitu chochote.

Shosho alimsikiza mpaka mwisho, macho ameyafumba.

"Hilo ni jibu la nne," akasema.

"Ndilo la kweli, mama."

"Na lile la dua ya jina langu, ulinipatia kama la uongo? Mbona lilikuja na uso huu huu?"

Ukweli ni ule ule, awe aliuleta mapema au aliuchelewesha. Lakini ukiuleta nyuma ya uongo, nao unapekuliwa mfukoni kama mwizi.

"Basi niache mimi, mama. Nichukie. Lakini twende kliniki."

"Nitaenda nikipona hofu."

Nicodemus alimsindikiza mpaka barabarani. Alikuwa ameinamisha kichwa. "Namwosha asubuhi na jioni," akasema. "Na chumvi. Lakini Wanjugu, inazidi kuwa nyeusi."

"Mbebe kwa nguvu, Nico."

"Mama yangu? Nimbebe akipiga kelele, watu wa kanisa wakiona?"

Hakumbeba. Wiki iliyofuata alimbeba, kwa sababu Shosho hakuwa tena na nguvu za kupiga kelele. Hospitalini daktari alifungua kitambaa, akakifunika tena, akauliza ni nani aliyekuwa akimtunza mgonjwa. Ndugu hao wawili walisimama pamoja, na hakuna aliyemnyooshea mwenzake kidole. Mguu ukakatwa chini ya goti.

*

Siku ya kwanza watoto waliporuhusiwa wodini, Kui alikuja lakini hakukaribia kitanda. Alisimama nyuma ya Shabani, mkono wa kulia ameuficha nyuma ya sketi. Nyumbani hakuna aliyekuwa amelitaja, lakini Wanjugu alikuwa ameona: mtoto akikaa kwenye mkeka alikunja ngumi, na akifika mahali pa kidole aliikaza ngumi mpaka ikawa nyeupe.

"Mwambie akuje," Shosho akasema. Sauti ilikuwa inakwaruza.

"Kui, msalimie Shosho."

Mtoto akatingisha kichwa kukataa. Kisha akauliza, si mama wala baba, akamuuliza mwenye mguu:

"Shosho, ni mimi nilikukata?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Wanjugu akaziba mdomo. Shosho alimwangalia yule mtoto, alivyosimama na mkono nyuma kama mtu aliyefungwa, na kitu fulani kikamtoka usoni, kile kilichokuwa kimekaa hapo tangu jioni ile ya mkeka.

"Kuja hapa, jina yangu."

Akaja hatua moja.

"Ile ya kusema ukikaa. Saa hii unajua inasema nini?"

"Mwalimu Hawa alitufundisha."

"Si mama yako? Mwalimu?"

"Mwalimu. Mama alikuwa huku na wewe."

"Haya sema. Sema na lugha ya kwetu."

Kui alianza polepole, macho chini. "Maamkizi ni ya Mungu. Na sala. Na vitu zote nzuri. Halafu Mtume, amani yake. Halafu amani juu yetu, na juu ya watu wa Mungu wenye ni wazuri. Halafu..." Akasimama.

"Halafu kidole."

"Kidole ni cha kusema Mungu ni mmoja. Kinahesabu moja tu."

"Na mwisho?"

"Mwisho ni Ibrahimu na watu wake."

Shosho akamgeukia Wanjugu. Ni yale yale aliyoelezwa Bahati, na kwa mpangilio ule ule. Kwa mara ya kwanza majibu mawili yalikuwa yamefanana.

"Hayo tu?" akauliza.

"Hayo tu, mama."

"Hayo ndiyo nilikimbia?" Akaangalia blanketi, pale lilipoanguka pasipo na mguu. "Nikakimbia na mguu mbili, nikarudi na moja?"

Nicodemus, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, alitoka nje ya wodi. Wanjugu akaanguka kwenye ukingo wa kitanda, akalia kwa sauti, na mama yake hakumwambia anyamaze.

"Na mimi niko?" Shosho akauliza baadaye, Wanjugu alipotulia. "Kwa hiyo *juu yetu*. Niko ama siko? Usinidanganye tena."

Jibu tamu lilikuwa hapo mdomoni, limeiva. Wanjugu akalimeza.

"Mwalimu alisema wema ni Mungu anawajua. Hilo siwezi kukuahidi, mama. Lakini mimi nikisema *sisi*, sijui nitasemaje na wewe uko nje."

"Hiyo sasa ni jibu," Shosho akasema.

*

Alirudi Section 58, kwa sababu ya kliniki. Shabani alikuwa amehamisha kitanda kwa heshima, akakiweka kando ya kochi, na mashine ya sweta ndiyo ikaenda ukuta wa Menengai. Shosho alipoingia kwa magongo alisimama mlangoni.

"Nani alitoa kitanda?"

"Ni mimi, mama. Nilifikiri..."

"Kirudishe."

Kikarudishwa. Jua lilipozama Kui akatandika mkeka. Alisimama, akainama, akasujudu, akakaa. Ngumi ilikuwa imefungwa juu ya paja. Midomo ikaanza kucheza. Wanjugu alikuwa jikoni, anakata sukuma wiki, akichungulia sebuleni.

"Jina yangu," Shosho akasema kutoka kitandani. "Kidole."

Anayeswali hajibu. Kui hakujibu. Lakini ile ngumi ikalegea, na kidole kikatoka, kidogo, kikaelekea kwa bibi yake, na bibi yake akakitazama moja kwa moja mpaka mtoto alipomaliza.

Kui akatoa salamu kulia, akatoa kushoto. Kisha akainuka, akaenda kukaa kitandani, na kwa mazoea ya zamani akaweka mkono miguuni kwa Shosho. Blanketi likabonyea mpaka godoro. Akautoa mkono haraka.

Shosho akaushika, akaurudisha pale pale.

"Sema tena ile ya katikati, ile ya *juu yetu*," akamwambia.